Reli Fupi Juu ya Mlango wa Mninga

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuizungusha reli.

Nilikuwa nimeona kwenye simu video za watu wa nchi za mbali wenye treni ndogo juu ya meza. Zote zilizunguka. Zinaingia kwenye handaki, zinatoka, zinarudi zilikotoka. Nikaomba mlango wa zamani wa mninga uliokuwa umeegemea ukuta wa stoo, nikaulaza juu ya matofali kwenye baraza la duka, nikatandika juu yake reli yenye umbo la yai. Ilinichukua wiki saba. Siku treni ilipozunguka bila kuanguka nilimwita mwenye baraza, Bi Hadija, aje aone. Alisimama na kikombe chake cha chai, akaiacha ipite mbele yake mara tatu.

"Inakwenda wapi?" akauliza.

Nikamwambia inazunguka.

"Kuzunguka naona. Nauliza inakwenda wapi. Anayezunguka ni ng'ombe wa kukanyaga mpunga. Treni ya Mpanda inafika, halafu reli imekwisha."

Akanywa chai yake, akarudi ndani kwa wateja. Mimi nikachukua koleo, na kabla jua halijazama nilikuwa nimeng'oa kila kitu. Hilo lilikuwa kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza, na sikulijua kwa miezi mingi.

Nyie mnaopokea meza yangu na koleo zangu mliniomba maelekezo ya kujenga reli ndogo ya kwanza. Nimeyaandika mara sita na kuyachana mara sita, kwa sababu kila nikianza na vipimo najikuta nimefika kwenye maungamo. Sasa nayaacha yatoke hivyo hivyo. Mimi si mzee. Nina miaka thelathini na mbili. Ila kazi hii nimeifanya miaka kumi, ya kutengeneza treni ndogo za kufundishia shuleni na za kuweka madukani, na mwezi huu naistaafu, nakwenda kufunga pampu za sola vijijini. Sikufundishwa na mtu aliyesomea. Nilifundishwa na waya, na muuza vitumbua, na baba yangu ambaye hajawahi kushika bisibisi.

Kwanza mjue kilichokuwa kinanisukuma. Baba ni mfugaji. Alishuka na ng'ombe kutoka kaskazini nikiwa bado nabebwa mgongoni, akaishia Kasansa, na huko ndiko nyumbani. Nilipomaliza kidato cha nne nilimwomba ruhusa nije mjini kujifunza ufundi redio. Akakubali. Likizo ya kwanza nilirudi, nikasikia redio yake inakwaruza kidogo, nikaifungua. Kukwaruza kulitokana na kitu kidogo tu, lakini nilipoiona ndani nikaona na hiki kinaweza kuwa bora, na kile kinaweza kunyooshwa. Nilipoondoka, redio ya baba ilikuwa vipande vipande kwenye mfuko wa rambo. Ilikaa humo mwaka mzima. Kila mgeni akifika, baba alimwonyesha mfuko na kumwambia, "Hii ni redio. Shija anaitengeneza."

Kisha kaka yangu mkubwa akahamia Ugalla kufuga nyuki, na zizini pakapungua mtu. Baba akanipigia simu. Hakugomba, hiyo ndiyo inayotisha kwa baba. Alisema atakuja Mpanda baada ya kuvuna mpunga. "Nionyeshe kitu kimoja ulichokimaliza. Kimoja tu, hata kama ni kijiko. Kama hakipo, tunarudi wote nyumbani, unashika fimbo." Nikasema naam, baba. Nilijua nina miezi saba, na nilijua kwamba katika maisha yangu sikuwahi kumaliza kitu.

Mtauliza kwa nini nilichagua treni wakati ningeweza kuchonga kijiko. Sina jibu la heshima. Nilitaka kitu ambacho baba hatasema hata Hamisi, mtoto wa jirani, anaweza.

Sasa waya. Tumieni ule mnene wa kuanikia nguo. Mkiununua unakuwa umejikunja kwenye robota, na mtajaribu kuunyoosha kwa nyundo. Msijaribu. Nyundo inanyoosha hapa na kupinda pale, na mtu wa aina yangu anaweza kugonga waya mmoja tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri. Fungeni ncha moja kwenye nguzo, ncha nyingine kwenye kipande cha mti, mvute wawili kwa uzito wenu wote hadi msikie umelegea kidogo mkononi, kama kamba iliyokatika bila kukatika. Hapo umenyooka, na hautajikunja tena.

Upana kati ya reli mbili msiupime kwa rula. Chukueni kipande cha ubao, kateni mifuo miwili kwa msumeno, hicho ndicho kipimo chenu, na kila taruma, yaani kijiti cha kulazia reli, lipite chini ya kipimo hicho hicho. Hata kikiwa na makosa, makosa yatalingana kila mahali, na treni haisumbuliwi na makosa yanayolingana. Mimi nilitumia rula na miwani ya fundi saa. Nilipata upana sahihi kabisa sehemu thelathini na tofauti kabisa katikati ya sehemu hizo.

Magurudumu ni washa mbili, zile pete bapa za bolti, zilizogandishwa pamoja, kubwa na ndogo. Ndogo inakanyaga reli, kubwa inaning'inia kwa ndani na kuzuia gurudumu lisitoke njiani. Ekseli iwe mrija wa kalamu ya wino. Ya kwanza yangu ilikuwa msumari, kwa sababu msumari ni imara na unang'aa. Umeme unapita kwenye reli zote mbili, huku chanya na huku hasi, na msumari ukaziunganisha. Adapta ya redio ikatoa moshi. Bi Hadija alitoka dukani akiuliza nani anachoma plastiki, kisha akaona, akasema nifungue dirisha. Tulikuwa nje, barazani. Alikuwa ananicheka.

Huyu Bi Hadija mnamjua akiwa na duka la kanga na vyombo, lakini zamani aliuza chai na vitumbua stesheni kwa miaka mingi. Baada ya siku ile ya treni inayozunguka aliniuliza kama nimewahi kwenda kuitazama treni ikiingia. Nikasema nimekwenda mara nyingi kupokea mizigo.

"Kupokea mizigo ni kutazama mizigo," akasema.

Akanieleza kwa vikombe juu ya kaunta. Kikombe cha chai ni kichwa cha treni, visahani ni mabehewa. Kichwa kinaingia kikivuta, kinasimama mwisho wa njia. Hakina pa kwenda mbele. Basi kinaachana na mabehewa yake, kinapita njia ya pembeni kikirudi nyuma, kinayazunguka, kinakuja kuyashika mkiani. Behewa lililoingia la mwisho ndilo linalotoka la kwanza. Muuza vitumbua asiyelijua hilo alikuwa anasimama mahali pabaya kila safari, na wageni waliopakia madumu ya asali behewa la nyuma walikuwa wanayatafuta nyuma wakati yapo mbele. Yeye alijua pa kusimama. Nilikwenda stesheni treni tatu zilizofuata, nikakaa nje ya uzio na daftari, nikaona ni vile vile alivyosema kwa vikombe.

Kwa hiyo anayejenga reli yake ya kwanza hapa kwetu asihangaike na duara wala handaki. Jengeni mwisho wa safari. Njia moja inayoingia, njia ya pembeni ya kupishana, na pointi mbili, yaani vile vipande vya reli vinavyosogea kuchagulia treni njia. Basi. Mlango mmoja unatosha. Pale reli mbili zinapokatana acheni pengo la upana wa ukucha, la sivyo adapta yenu itatoa moshi kama yangu.

Mapengo. Nilisema sitafuata mpangilio, na hili linakuja lenyewe. Kwenye maungio ya reli niliyoijenga mara ya pili niliona aibu kuacha nafasi. Nilisugua kila ncha kwa tupa hadi unywele usiweze kupita, nikapitisha kidole na nisiuhisi muungano. Nilijivuna. Saa saba mchana jua likaingia barazani, na nilipotoka kula nikakuta reli yangu imejikunja katikati kama nyoka aliyekanyagwa. Waya ulikuwa umepata joto, ukarefuka, ukakosa pa kwenda. Dereva mmoja wa bodaboda anayeegesha pale mbele akaniambia, "Injinia, hii ni reli au tambi?" Nikang'oa zote, pamoja na zile zilizokuwa nzima. Bi Hadija aliniuliza kama sijawahi kusikia mlio wa treni ikipita, ule mlio wa magurudumu yanayogonga, kama nilidhani inapiga ngoma. Reli kubwa yenyewe imeachiwa mapengo. Mimi nilikuwa naona haya kwa kitu ambacho waliosomea wanakifanya makusudi.

Mnaona ninavyokwenda. Nang'oa. Nilijenga reli ile mara tano kwenye mlango ule ule, na mashimo ya misumari yalikuwa mengi hata Bi Hadija akasema akiurudisha stoo atachujia nazi. Kila mara ilikuwa inatembea. Hilo ndilo ninalotaka mlisikie vizuri: kila mara ilikuwa inatembea kabla sijaing'oa. Sikuwa naing'oa kwa kuwa imeshindwa. Nilikuwa naing'oa kabla mtu hajapata nafasi ya kuiona na kusema.

Mpunga ukavunwa. Baba akatuma ujumbe kwamba atafika Jumamosi.

Jumatano reli ya tano ilikuwa imekamilika. Kichwa cha treni kilikuwa boksi la dawa ya meno lenye mota ya deki ya DVD tumboni, mabehewa matatu ya maboksi hayo hayo, stesheni ya kopo la maziwa yenye bati la mikunjo niliyoikunja mwenyewe, miti ya matawi makavu, taa ndogo ya ishara iliyowaka nyekundu na kijani. Niliiendesha safari nzima, kuingia, kuachana, kuzunguka, kushika mkia, kutoka. Mara kumi na moja bila kuanguka. Bi Hadija alisimama mlangoni mwa duka akasema, "Sasa iache." Nikaitikia. Nilimaanisha kabisa kuiacha.

Alhamisi asubuhi niliiendesha mara ya kumi na mbili ili tu kuitazama. Behewa la katikati likainama kwenye pointi ya kwanza. Halikuanguka, liliinama tu, unene wa karatasi mbili. Nikalala kifudifudi kwenye sakafu, jicho usawa wa reli, nikatazama tena na tena. Nikaona nikinyanyua pointi nitalazimika kunyanyua na njia ya pembeni, na nikinyanyua hiyo stesheni itakuwa chini kuliko behewa. Saa sita mchana mlango wa mninga ulikuwa mtupu. Reli zilikuwa kwenye kopo la biskuti, mataruma kwenye sahani, stesheni iko kifudifudi. Nikasema moyoni nina siku mbili nzima.

Nikasikia mtu akimsalimia Bi Hadija kwa sauti ninayoijua tangu utotoni. Baba alikuwa amepata basi la mapema. Alikuwa na kiroba cha mchele begani, zawadi ya mwenyeji wangu. Nikamwamkia. Akaitikia, akatua kiroba, akaja mezani. Alitazama mlango uliojaa mashimo, akatazama sahani, akachungulia kwenye kopo la biskuti.

"Hiki ndicho?" akauliza.

Nilianza kumweleza. Nilimweleza kuhusu jana, na mara kumi na moja, na karatasi mbili. Nilizungumza haraka kama mtu anayekimbizwa. Baba alisikiliza hadi mwisho, maana ni mtu wa adabu.

"Hata redio ilikuwa inasema, ulipoifungua," akasema. "Basi la Kasansa linaondoka kesho asubuhi. Nakwenda sokoni kutafuta dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nikirudi nikukute umefungasha."

Akaondoka. Nikaingia dukani nikamwomba Bi Hadija amsemeshe. Wewe mtu mzima, nikamwambia, mwambie jana uliiona, mwambie angoje hadi Jumamosi kama alivyopanga. Alikuwa anapanga sufuria. Hakugeuka.

"Sisemi."

"Mama, uliiona."

"Niliiona. Na Jumamosi utaivunja tena, halafu mimi nitaonekana mwongo mbele ya mzee wa watu." Akashusha sufuria, akaniangalia. "Nakwenda kuswali. Nikirudi nataka kuona njia. Sitaki kuona stesheni, wala mti, wala taa. Njia."

Sijawahi kuogopa kama alasiri ile. Kichomeo cha kuyeyushia risasi kiliniunguza kidole mara mbili. Nilitandika reli kwa kufuata mashimo ya zamani bila kupima upya, na kila shimo liliniuma rohoni kwa sababu nilijua lina kasoro gani. Pointi ilikuwa bado inainama. Nikachana pakiti ya majani ya chai, nikakunja kipande cha karatasi, nikakisukuma chini yake. Ndiyo, hivyo hivyo, karatasi ya chai. Nilichukua stesheni, nikaitazama, nikaiweka chini ya meza. Taa nayo. Nilitamani angalau mti mmoja. Nikaukataza mkono wangu usiuchukue, yaani niliurudisha nyuma kwa mkono mwingine, na kama kuna dereva wa bodaboda aliyeniona basi alidhani nimerukwa na akili.

Baba alirudi na chupa yake ya dawa imefungwa kwenye gazeti. Hakukuta mtu aliyefungasha. Alikuta nyaya mbili juu ya mlango uliotoboka, treni ya maboksi ya dawa ya meno, na Bi Hadija amekaa kwenye kigoda kama mwenye tiketi. Bodaboda wawili walikuwa wameegemea nguzo. Nikamwomba baba asimame upande wangu. Nikawasha.

Ikaingia taratibu, ikifika kwenye kila muungano inagonga kidogo. Ikasimama mwisho wa mlango. Nikachomoa kindoano cha waya, kichwa kikaachana na mabehewa. Nikageuza swichi, kikaanza kurudi kwa njia ya pembeni. Kilipofika kwenye pointi ya karatasi ya chai, gurudumu la mbele likapanda juu ya reli, kikaanguka ubavu, mota inalia hewani.

Bodaboda mmoja akacheka. Nilinyoosha mikono yote miwili, na siwafichi, sikutaka kukiinua. Nilitaka kuinua kila kitu, mlango mzima, niutoe mbele ya macho yao. Baba aliuweka mkono wake juu ya mkono wangu, ukakaa hapo. Kwa mkono wa pili akakishika kile kichwa kwa vidole viwili, akakisimamisha, akakitikisa kidogo hadi magurudumu yakakaa njiani. Ndivyo anavyosimamisha ndama aliyezaliwa punde.

"Amejikwaa," akasema. "Kwani ng'ombe akijikwaa anachinjwa?"

Kikaondoka. Kikavuka pointi, kikatoka upande wa mkia wa mabehewa, kikasimama. Nikasogeza pointi kwa kidole, nikageuza swichi, kikarudi polepole na kugusa behewa la mwisho. Nikatia kindoano. Treni nzima ikatoka, mkia ukiwa mbele, hadi ukingo wa mlango.

Hapakuwa na aliyepiga makofi. Baba aliinama, akaitazama kwa muda.

"Imeisha?"

Nikaanza. Nikasema ile pointi bado, na pale chini kuna karatasi, na stesheni na taa vipo chini ya meza, na behewa la pili—

"Shija. Sikuuliza ina kasoro gani. Hata mimi nina kasoro. Imefika, imegeuka, imeondoka. Imebaki nini?"

Nilitafuta kilichobaki. Naapa nilitafuta, maana nilikuwa nacho kingi mdomoni. Bi Hadija alikuwa ananitazama bila kunisaidia hata kidogo.

"Imeisha," nikasema.

Neno lile lilinitoka kwa tabu kama mwiba. Baba akaitikia kwa kichwa, akamwomba Bi Hadija chai. Wakazungumza bei ya mchele. Asubuhi alipanda basi peke yake. Kabla ya kupanda aliniambia fimbo yangu atampa binamu yangu, na kwamba nisije nikaongeza taa ile hadi yeye atakapokuwa amefika nyumbani.

Niliiongeza Jumatatu. Taa tu. Reli sikuigusa, na hiyo ndiyo reli mwalimu mmoja wa sayansi aliyekuja kununua jagi aliiona, akaniomba ya shule yake.

Sitawadanganya kwamba nimepona. Bado naamka nikiwaza muungano niliouacha na nafasi kubwa kwenye reli iliyopo shule fulani huko Kasekese, na nimewahi kupanda pikipiki hadi kule, nikafika getini, nikageuza. Hata maandishi haya nimetaka kuyachana tangu aya ya nne. Lakini tangu alasiri ile sijang'oa tena kitu kinachotembea. Naonyesha kazi ikiwa bado na kasoro, nasema imeisha, naanza nyingine.